Moto wa Jacob

Kambere angeweza kumsamehe mkewe kwa kuchelewa Beni siku mbili. Mwaka ule wa 2001 barabara ilikuwa na vizuizi vya askari kila baada ya vilima viwili, na aliyefika nyumbani na mzigo wake mzima alikuwa na bahati. Angeweza kumsamehe hata kwa kusahau mawese aliyotumwa. Kilichomchoma ni maneno ambayo Berthe aliyatoa kabla hata hajatua kikapu.

"Baba Falonne, moto ya Jacob iko inaimba! Nilipita kumusalimia kule hospitali. Sufuria ya mandizi banaweka, unageuka kidogo, imeiva. Batu bote kule ni moto ya Jacob, moto ya Jacob."

Kambere alikuwa akila. Aliliweka tonge chini.

"Na yangu?"

"Na yako iko muzuri," Berthe akasema, kwa sauti ile ambayo mtu humwambia mtoto kwamba viatu vyake vya mwaka jana bado vinamtosha.

Ndipo wivu ukamkaa Kambere moyoni. Tuseme ukweli, ulikuwa umeshaingia siku nyingi, ulikuwa unatafuta kiti tu. Alisukuma sahani, akasema ameshiba, akaenda kukaa nje peke yake akitazama mabati ya maternité ya masera wa Butembo, hospitali ya uzazi ya watawa alipofanya kazi miaka kumi na mmoja.

Kazi yake haikuwa ya kujisifia mbele ya wakwe. Alikuwa mlinzi wa shimo la gesi. Maji machafu yote ya maternité, ya vyoo, ya jikoni na ya kufulia, yaliteremka kwa bomba hadi kwenye shimo kubwa lililofunikwa kwa saruji. Mle ndani, katika matope meusi, waliishi wadudu wadogo ambao jicho halioni. Walikula ule uchafu, na pumzi waliyoitoa ilipanda kwenye bomba jingine mpaka jikoni, ikawaka. Maji yaliyotoka upande wa pili yalikuwa hayanuki tena, yakashuka bondeni ambako wanawake walifulia. Zamani za amani watu walicheka wakisema masera wanapikia mavi. Vita vilipokuja, kicheko kiliisha. Mazutu ya jenereta ikakosekana. Makala, makaa ya kupikia yaliyotoka njia ya Kasugho, yakazuiwa msituni. Ukabaki moto wa Kambere peke yake kuchemsha mikasi na vitambaa vya chumba cha upasuaji. Mama aliyeshindwa kuzaa kwa njia yake alikuwa anautegemea moto ule bila kujua jina la mlinzi wake.

Aliyelijenga shimo ni Frère Edmond, mtawa mmoja mzungu, mfupi, mwenye kupenda kujaribu kila kitu. Alimfundisha Kambere kwanza, na miaka miwili baadaye Jacob. Aliwaachia amri moja aliyoirudia mpaka ikawachosha: kitu kigeni kisiingie shimoni kabla hakijapita kwenye chupa. Unachota matope kwenye chupa, unatia kile kitu, unafunika mdomo wa chupa kwa glovu ya hospitali, unangoja siku tatu. Glovu ikisimama, wadudu wanapumua. Ikilala, wanakufa. Kwa njia hiyo walijua kwamba dawa za kusafishia, javel na kresili, zikizidi zinawaua. Vita vilipoanza Frère alipanda ndege kule Mavivi, hakurudi.

Jacob naye alihamia Beni, akachimba shimo lake kwenye hospitali ya huko. Na lile shimo lilianzaje kufanya kazi? Shimo jipya bila mbegu hukaa tu kama bwawa. Jacob alikuja Butembo na bidoni kumi tupu, madumu ya plastiki, na Kambere mwenyewe, kwa mikono yake mwenyewe, alimchotea matope yenye uhai. Wale wadudu wa Beni walikuwa wajukuu wa wale wa Butembo. Na sasa mke wake anatoka kule akiimba moto ya Jacob!

Wiki haikuisha, Kambere akaomba ruhusa, akasema anakwenda Beni kumpa pole shangazi. Shangazi alikuwepo kweli na alikuwa mgonjwa kweli, ila Kambere alikaa kwake muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai.

Jacob alipomwona langoni mwa hospitali alikimbia kama mtoto, akimwita yaya, kaka mkubwa, na kumshukuru kwa lugha ya kwao.

"Yaya! Wasingya, yaya! Mbona hukutuma habari? Tungekuchinjia kuku."

Kuku alichinjwa hata hivyo, na hilo lilimuudhi Kambere zaidi. Ni rahisi kumchukia mtu anayekunyima. Huyu alikuwa anampa paja, anamwongezea mchuzi, anawaambia wenzake, "Huyu ndiye alinifundisha." Baadaye akampeleka jikoni, akafungua bomba, akawasha. Moto ulisimama wima, wa buluu, mpana kuliko sahani, na ulikuwa na mlio fulani kwa chini. Berthe hakusema uongo. Uliimba.

Kambere alisema, "Si vibaya."

Asubuhi kabla ya kuondoka alimfuata Jacob kwenye kibanda kilichokuwa kando ya shimo. Mlangoni palikuwa na kufuli kubwa, limening'inia wazi.

"Hii kufuli ni ya kazi gani?"

"Ni ya basoda ba bunduki tu, banapenda kubeba bintu," Jacob akasema. "Wewe ni mutu wa nyumba. Ingia."

Ndani, juu ya meza, palikuwa na chupa tatu zenye matope meusi, kila moja na glovu mdomoni. Glovu mbili zilikuwa zimelala ubavuni mwa chupa. Ya tatu ilikuwa imesimama, vidole vitano vimenyooka. Jacob alichukua sindano ya hospitali, akavuta maji kutoka katika bidoni ya buluu iliyokuwa chini ya meza, akainua ukingo wa ile glovu iliyosimama, akadondosha matone matano, akaufunga upesi. Zile mbili zilizolala hakuzigusa.

Kambere alizitazama tena zile glovu. Kumbe! Wanaolishwa wamesimama, wasiolishwa wamelala.

"Unabapatia nini hao?" akauliza, akijitia kutazama dirishani.

"Ah, yaya, ni kazi ya kujaribu tu. Sijamaliza. Nikimaliza nitakuandikia."

Sijamaliza! Kambere aliyameza maneno yale kama mfupa wa samaki. Mtu aliyempa mbegu, aliyemfundisha kushika koleo, leo anafichwa dawa mbele ya macho yake. Alijiinamisha kama anayefunga kamba ya kiatu, akasoma maandishi ya ile bidoni ya buluu. FORMOL.

Hapa mtu mwenye akili iliyotulia angejiuliza maswali mawili matatu. Angeuliza kwa nini Jacob anadondosha matone kwa sindano kama anayempa mtoto kinini, badala ya kumimina. Angeuliza zile chupa zilizolala zilipewa nini kabla hajafika yeye. Kambere hakuwa mjinga. Kwa shimo lake alikuwa mwangalifu kuliko bibi na vifaranga. Lakini njia nzima ya kurudi Butembo, amekaa juu ya magunia ya maharagwe, alikuwa anaona kitu kimoja tu: vidole vitano vimesimama.

Jumatatu Masera Victorine, mkubwa wa maternité, alimwita ofisini.

"Papa Kambere, batu ba zoni ya afya bamekuwa kule Beni, bamefurahi sana. Bataka kuweka mashimo kama hizi mu bituo sita. Jeudi banakuja kuangalia ya kwetu, na kisha batachagua nani atafundisha bengine. Tayarisha ile moto yako."

Alhamisi. Siku tatu. Chupa inataka siku tatu kusema ndiyo au hapana, na Kambere alipozihesabu kwenye vidole aliona kwamba akingoja chupa, hatakuwa na siku ya kulilisha shimo. Akajiambia kwamba chupa alikwisha kuiona kule Beni. Akajiambia kwamba jaribio la Jacob ni jaribio lake pia, kwa kuwa matope ni yake. Mwenye wivu hakosi wakili.

Alikwenda kwa Zorobabel, mtunza stoo, akamuuliza kama kuna formol.

"Iko bidoni mbili, zilikuja na makarito ya dawa. Hakuna mutu alishaziulizia. Ni ya nini?"

"Ya kusafisha."

Jumanne mchana, Marie-Jeanne muuza vitenge alipitia kwake akitoka Beni, akamkabidhi bahasha. Kambere aliutambua mwandiko. Herufi za Jacob zililala upande mmoja kama majani baada ya mvua. Akaigeuzageuza bahasha mkononi. Alijua yaliyomo, au alidhani anajua: salamu kwa Berthe, salamu kwa Falonne, halafu masifu, watu wa zoni walikuja, walifurahi, walipiga picha. Anataka kunisomea matanga yangu nikiwa hai, akawaza. Akaitia bahasha katika mfuko wa ndani wa koti bila kuifungua.

Jioni ile, jua likiwa bado juu ya mikaratusi, alifunua mdomo wa shimo na kumimina bidoni nzima, lita tano. Harufu yake ilimpiga puani, machozi yakamtoka. Alijifuta kwa mkono wa shati. Halafu, Mungu amsamehe, akamimina na nusu ya ile ya pili, ili amzidi Jacob.

Jumatano moto uliwaka vizuri, kwa sababu gesi ya juzi ilikuwa bado imejaa chini ya saruji. Kambere alitembea uani akipiga mluzi. Falonne, binti yake, alishangaa, maana baba hakuwa mtu wa mluzi.

Alhamisi alfajiri aliweka sikio kwenye bomba kama alivyofanya kila siku. Kwa kawaida alisikia mchemko mdogo, pole pole, kama uji mzito. Siku ile hakusikia kitu. Alifunua. Matope yalikuwa yametulia kama maji ya ndoo, na upande wa kutokea maji yalikuwa yanatoka mabichi, yananuka choo, yanateremka bondeni. Wanawake waliokuwa wanafua wakakusanya nguo zao na kuondoka wakitema mate.

Wageni wa zoni walifika saa nne na vitabu vyao. Kambere aliwasha kibiriti. Moto ulitoka mdogo kama wa mshumaa, ukayumba, ukazimika. Akawasha tena. Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lilimwumiza. Mmoja aliandika mstari mfupi, akafunga kitabu.

Laiti aibu ingeishia hapo. Wageni hawajaondoka, watu wanne wakaingia na machela. Juu yake alikuwa Agar, mama kijana aliyekimbia vita kutoka upande wa Eringeti, mwenye uchungu wa siku mbili na mtoto aliyekingama tumboni. Docteur Benoît, daktari aliyeletwa kutoka Kisangani, alimgusa tumbo, akasema apasuliwe mara moja. Akaagiza vyombo vichemshwe.

"Moto hakuna, docteur," mpishi akasema.

"Mazutu?"

"Hakuna."

"Makala?"

"Bado imezuiwa mu pori."

Kambere alikimbia. Nyumba yake ilikuwa nyuma ya ukuta wa maternité. Aliung'oa mlango wa mbele kwa shoka, Berthe akipiga kelele akidhani ni wanajeshi, akang'oa na wa jikoni, akabeba mbao mgongoni. Mbao zilikuwa na rangi, zilitoa moshi mweusi, na maji yalichukua muda wote wa dunia kuchemka. Kila alipopuliza alimsikia yule mama ndani. Alitaka masikio yake yafe.

Agar aliishi. Mtoto alitoka amelegea, wa kijivu, wakampiga na kumsugua mpaka akalia kidogo. Docteur Benoît alitoka akiwa na jasho, akakaa kwenye ngazi kando ya Kambere.

"Leo tulichoma milango yako. Kesho tutachoma ya nani? Shimo imekuwa na nini?"

"Sijui, docteur," Kambere akasema.

Lilikuwa neno fupi na alilala nalo siku nne, katika nyumba isiyo na mlango. Mchana alichota matope yaliyokufa, ndoo baada ya ndoo, akayafukia katika shimo jingine juu kilimani, mbali na maji. Aliosha kuta mpaka harufu ikatoka. Sasa palitakiwa mbegu. Mavi ya ng'ombe yangeweza kuanzisha, kwa miezi miwili au zaidi, lakini ng'ombe wa jirani walikuwa wameliwa na vita, na wajawazito hawangoji miezi miwili. Mbegu iliyo hai, inayotosha, ilikuwa mahali pamoja tu, na Kambere alilijua jina la mahali hapo tangu ndoo ya kwanza.

Alipanda lori na bidoni nane tupu, zenye harufu ya matope ya zamani. Kwenye kizuizi askari mmoja kijana aligonga bidoni kwa mtutu wa bunduki.

"Papa, oyo nini? Fungula."

Kambere akafungua. Askari akainama, akanusa, akarudi nyuma hatua tatu akiita mama yake. Abiria walicheka mpaka wakashikana mabega. Kambere hakuweza kucheka.

Jacob alikuwa kwenye shimo lake, miguu mitupu, koleo mkononi. Safari hii hakukimbia. Aliziona bidoni, akazihesabu, akangoja.

"Shimo imekufa," Kambere akasema.

"Shimo gani?"

"Yangu."

Jacob aliweka koleo chini. "Imekufa kwa nini, yaya?"

Kambere alikuwa ametunga maneno njia nzima. Kulikuwa na bomba lililopasuka ndani yake, na mfuaji aliyekosea. Lakini alipofungua mdomo yalitoka mengine.

"Formol. Lita saba na zaidi. Ni mimi niliweka."

"Wewe?" Jacob alimtazama kama anayetazama mtu wa kabila jingine. "Lakini nilikuandikia! Marie-Jeanne hakukufikia?"

Kambere akaingiza mkono katika mfuko wa ndani wa koti. Bahasha ilikuwa imekunjamana na kuchukua harufu ya jasho lake. Kifuniko chake kilikuwa bado kimegandishwa. Jacob alikipitishia kidole, taratibu, kutoka pembe hadi pembe, kuhakikisha.

"Ulipata siku gani?"

"Mardi. Mchana."

"Na uliweka formol siku gani?"

"Mardi. Jioni. Nilikuwa na wivu, Jacob. Niliona moto yako, nikaona ile glovu, nikafikiri unanificha dawa. Nilifikiri barua ni ya kujisifu. Nisomee."

"Utaisoma mwenyewe."

"Hapana. Nisomee. Nataka niisikie na mudomo yako."

Jacob aliipasua bahasha. Alisoma akiwa amesimama, bila kuinua macho.

"Yaya Kambere, salamu kwa mama Falonne na batoto. Ile kazi uliniona nafanya imeisha. Huku banatuletea maiti za batu ba mbali, banabatia formol basioze mbele ya kubapeleka Mavivi kwa avion, na maji ya kusafisha ilitaka kuingia mu shimo yetu. Nikakumbuka amri ya Frère. Chupa ya kwanza, matone matano kila siku: banaishi, banazoea pole pole. Chupa ya pili, kijiko: balilala siku ya pili. Chupa ya tatu, kikombe: balikufa palepale. Donc nimechimba shimo ingine, ya formol peke yake. Ikifika kwenu, usikubali hata kidogo. Yaya, niko na woga. Siku moja sitakuwa hapa, mutu atakosea bomba, na yangu itakufa. Ikikufa, nitakuja kwako na bidoni kama zamani. Chunga ile yako sana. Ni ile tu tunaitegemea. Mudogo wako, Jacob."

Aliikunja barua, akampa. Kambere aliipokea kwa mikono miwili. Jacob akasema jua linapanda na matope hayapendi kungoja kwenye joto.

Jacob alishuka mwenyewe, akachota chini kabisa, mahali penye uhai mwingi, akazijaza bidoni zote nane mpaka shingoni. Hakubana hata ndoo moja. Alimwonyesha asifunge vifuniko sana, wadudu wanapumua njiani. Kambere alijua hilo, ndiye aliyemfundisha, na akaitika kama mwanafunzi.

Lori lilipopiga honi barabarani, Jacob alinawa mikono. Kisha alikwenda kwenye kile kibanda chenye bidoni ya buluu, akavuta mlango, akabana lile kufuli lililokuwa limening'inia wazi, akatia ufunguo mfukoni. Halafu akarudi, akashika bidoni mbili, akamsaidia yaya wake kubeba.